Kremayere haijafa: kisa cha Prado moja ya Goma iliyokataa kushika njia

Gari lenyewe ni Toyota Prado ya mwaka 1998, ya kile kizazi kilichotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Ni dizeli ya lita tatu yenye turbo, usukani kulia, kama magari mengi yaliyotumika Japani kwanza kabla ya kufika Goma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Keshero, mtaa mmoja wa Goma. Lalamiko lake kwangu mimi fundi lilikuwa fupi: kwenye lami ya kwenda Sake, gari halishiki njia. Anaushika usukani ukiwa umenyooka, gari linavuta kushoto. Anarudisha kidogo, halijibu. Anaongeza, ndipo linaruka kulia kupita alivyotaka. Na likiingia kwenye makoro ya mtaani, yale mawe ya volkano, kuna kitu kinagonga chini ya miguu yake, mlio mzito, si ule mlio mkavu wa shokabsorba.

Garaji moja ya mjini ilishatoa hukumu. Walilipandisha kwenye kriki, wakashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, wakalitikisa, likacheza. "Mwalimu, kremayere imekufa, tutafute ingine." Kremayere ni ule mtambo wa meno unaobadili mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kugeuza magurudumu. Mpya ingeagizwa Kigali au Kampala. Ya okazyo, iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, ingepatikana karibu zaidi, lakini nani anajua iliishi vipi huko ilikotoka? Hata hiyo ya okazyo bei yake ilitosha kununua seti kadhaa za bushi za kremayere, ile mipira inayoishikilia kwenye gari, na hakuna aliyekuwa amezitazama bushi hizo.

Kwa kawaida kremayere ina njia mbili za kufa. Sili zake hukatika, mafuta yakaingia ndani ya zile sufle za mpira pembeni, ukizibonyeza unasikia yanatembea. Au meno yake na kile kishikizo kinachoubana mtaimbo wake wa meno huchakaa, usukani ukawa na uwazi hata gari likiwa limesimama. Ya Mwalimu ilikuwa na sufle kavu pande zote mbili, na usukani ukiuzungusha taratibu katikati haukuwa na sehemu tupu. Kifaa kilichovunjika hakikai hivyo.

Kwenye Prado hii kremayere imelala mbele, juu ya boriti ya shasi, nyuma ya ile sahani ya chuma inayokinga tumbo la injini. Imeshikwa sehemu mbili. Upande wa pinioni, ile gia ndogo, pale mhimili wa usukani unapoingia, ina masikio mawili yenye bushi za mpira, kila moja na mrija wa chuma katikati ambamo bolti hupita. Upande wa pili haina sikio: mwili wake umevalishwa mpira mnene uliokatwa kama herufi D, na juu yake kuna mkanda wa chuma uliofungwa kwa bolti. Kwa gari lenye usukani kulia, pinioni iko kulia na mpira wa D uko kushoto. Nalitaja hili kwa sababu picha na video nyingi za kazi hii zinatoka Marekani, kwenye Toyota 4Runner, gari ndugu la Prado hii, na huko kila kitu kiko upande wa pili. Fundi anayefuata picha bila kugeuza kichwa ataagiza sawa lakini ataanza kufungua pasipo.

Mipira hiyo ikichoka, kremayere nzima inatembea juu ya boriti. Ni kama jino zima lililokaa kwenye ufizi uliolegea. Dereva anageuza usukani, pinioni inasukuma meno, lakini badala ya magurudumu kugeuka, mwili wa kremayere ndio unasogea kwanza upande wa pili hadi mpira ubanwe mwisho wake. Ndipo magurudumu yanapogeuka, tena ghafla, kwa sababu mkono wa dereva umekwisha kuongeza. Ule ucheleweshaji na ule mruko aliousema Mwalimu ni kitu kimoja.

Sasa, kwa nini garaji hawakuliona? Kwa sababu walilinyanyua gari. Gurudumu linaloning'inia hewani halina ubishi, linageuka kirahisi, na mkono wa mtu hauna nguvu ya kubana mpira ule. Kinachocheza ukitikisa gurudumu lililo hewani ni viungo vya chuma: rotile za usukani (rotile ni kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe), rotile za mikono inayobeba magurudumu, beringi. Bushi za kremayere huonekana pale tu tairi linapokataa kugeuka, yaani gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote ardhini, injini ikiwaka ili pampu ya usukani isaidie kusukuma. Kipimo kile kile kinachofaa kwa kiungo kimoja kinaficha kingine. Nimeona kremayere nzima zikitupwa kwa kosa hilo, na mpira uliochoka ukitupwa pamoja nazo bila mtu kuutazama.

Tulifungua ile sahani ya chini, tukapangusa tope na vumbi jeusi, nikachora kwa chaki mstari mmoja unaovuka kutoka mwili wa kremayere hadi kwenye boriti, kila upande. Breki ya mkono, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, gia kwenye P. Kijana wa Mwalimu akapanda.

"Yaya, niwashe?" akaniuliza, akiniita mkubwa wake.

"Washa. Geuza kidogo kidogo, kushoto, kulia. Usifike mwisho."

Hakuna haja ya kuingia chini. Prado iko juu vya kutosha, unalala mbele ya bampa na tochi, vidole mbali na boriti, maana kremayere iliyolegea inaweza kubana kidole bila huruma. Mwalimu alipiga magoti pembeni akachungulia.

"Kumbe ile chuma yote iko natembea!"

Mstari wa chaki upande wa pinioni ulikuwa unakatika na kuachana zaidi ya nusu sentimita kila usukani ulipobadili upande. Kushoto, kwenye mpira wa D, ulisogea kidogo zaidi ya unavyoruhusiwa kusogea mpira mzima, ambao hujinyumbua milimita moja hivi na kurudi. Mwili wa kremayere ulipofika mwisho wa safari yake tulisikia mlio ule ule mzito. Hapo nilitosheka kuhusu kremayere.

Sikutosheka kuhusu gari. Kizazi hiki cha Prado kina ugonjwa mwingine ambao mtu hapaswi kuupita akiwa tayari yuko chini: rotile ya chini. Imepangwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta ifunguke, badala ya kuikandamiza ikae. Ikichakaa sana, siku moja mpira wa chuma unachomoka kwenye kikombe chake, gurudumu linalala chini ya tao la bodi, na hapo hakuna usukani tena. Kwa hiyo tulilinyanyua, safari hii kwa sababu sahihi, tukaingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu, tukabinua. Zote mbili zilikuwa zimekaza. Kilichocheza, kidogo, ni kiungo cha ndani cha usukani upande wa kushoto, kile kilichofichwa na sufle. Ndicho walichokishika garaji. Ila kiungo hicho kimefungwa kwa nyuzi kwenye ncha ya kremayere na kinauzwa peke yake. Kukiona kinacheza na kuagiza kremayere nzima ni kumnyang'anya mtu pesa, kwa makusudi au kwa uvivu.

Kuhusu bushi zenyewe, Goma inakupa njia tatu. Ya kwanza ni mipira ya asili au iliyofuata muundo wa asili. Ya pili ni ya poliyurethane, ngumu zaidi, kwa kawaida nyekundu au nyeusi, inayokuja vipande viwili na mrija wake. Ya tatu utaipata Birere, mtaa wa biashara wa mjini, kwa muda mfupi: fundi anakukatia kutoka tairi kuukuu. Hii ya tatu siidharau kwa kila kitu. Kipande cha tairi chini ya mkanda wa D kinaweza kukufikisha nyumbani. Lakini ndani ya masikio ya pinioni mpira unabeba nguvu yote ya usukani kutoka pande zote, na mpira wa tairi, wenye nyuzi zake ndani, haujashikamana na mrija wa katikati. Unazunguka, unakula tundu, na tundu likishapanuka hakuna bushi tena itakayokaa hapo.

Kati ya mbili za kwanza Mwalimu alichagua poliyurethane, nami nilikubali nikijua gharama yake: usukani unajibu haraka, lakini mtetemo wa makoro unafika zaidi mikononi. Kwa gari la mjini tu ningechagua mpira wa kawaida. Yeye anakwenda Sake na kurudi akibeba watu wa familia na magunia, tena ameweka tairi pana kuliko zile za kiwandani. Gari lake lilikuwa linahitaji kitu kisichochoka upesi.

Kazi tuliifanyia kwake, ndani ya parseli. Mtu anayefanya kazi hii kwenye sakafu ya saruji hajui shida ya Goma. Mji wote umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, si yale tu ya Januari 2002 yaliyopita katikati ya mji, bali na ya milipuko ya zamani zaidi, na uwanja wa Mwalimu ni makoro yaliyosawazishwa kwa kokoto nyeusi. Kriki ikiwekwa juu yake inainama pole pole bila wewe kuona. Tuliweka mbao nene, pana, zilizolala bila kutikisika, kisha kriki juu yake, kisha viegemezo vya chuma chini ya shasi pande zote mbili, navyo juu ya mbao. Magurudumu yaliyotolewa tuliyalaza chini ya shasi pia. Tulilisukuma gari kwa nguvu kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Lisilokubali kusukumwa ukiwa nje halitakuangukia ukiwa ndani.

Kabla ya kufungua chochote, magurudumu yanyooke na ufunguo utoke ili usukani ujifunge, kisha uufunge pia kwa mkanda wa kiti. Kama gari lina erbegi, ule mfuko wa hewa wa usalama, kuna utepe wa umeme uliojiviringisha chini ya usukani, na usukani ukizunguka peke yake wakati mhimili umeachia, utepe huo unakatika. Tulipiga alama ya rangi kwenye kiungo cha mhimili na pinioni ili kirudi kwenye meno yale yale, tukalegeza bolti yake ili kiteleze.

Rotile za nje zinatoka vizuri kwa nyundo kuliko kwa ile uma ya chuma inayopenda kupasua mpira wa vumbi. Toa pini, legeza nati lakini iache kwenye nyuzi chache, gonga ubavuni mwa sikio la chuma ambamo rotile imeingia. Usigonge ncha ya bolti. Baada ya mapigo machache mazito inaachia yenyewe. Urefu wa viungo hatukuugusa kabisa, kwa kuwa ndio unaoshika paralelisme ya gari, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele yakilinganishwa.

Bolti za kremayere zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tulizinyunyizia mafuta ya kulegeza jioni na tena asubuhi, tukazifungua kwa bomba refu juu ya mpini, pole pole, mbele na nyuma. Mabomba ya mafuta ya usukani hatukuyafungua, na sioni sababu ya kuyafungua kwa kazi hii: tulitoa tu vishikizo vyake, kremayere ikapata nafasi ya kusogea mbele na kuinama, tukaifunga kwa kamba kwenye shasi ili isining'inie kwenye mabomba.

Hapo ndipo penye jasho. Bushi za pinioni zilikuwa zimeganda. Wapo wanaochoma kwa moto mpira utoke. Pale sipaachii mtu alete moto, maana sili ya pinioni iko jirani na mafuta yapo ndani. Tulitumia bolti ndefu ngumu, yenye alama 8.8 kichwani, na duyi mbili, zile soketi za spana: moja ndogo kidogo kuliko bushi, inayosukuma, na nyingine pana inayopokea upande wa pili. Unakaza nati, bushi inatembea. Ya kwanza ilitoka nzima. Ya pili ilitoa mrija na mpira, ikaacha ganda lake la nje ndani ya sikio, nalo tulilikata kwa wembe wa msumeno ulioshikwa kwa kitambaa, mstari mmoja, tukisimama kabla ya kugusa ukuta wa sikio, kisha tukalikunja ndani kwa patasi ndogo. Haraka hapa inaharibu kilicho ghali.

Mipira ile ilipokuwa mezani ilisema zaidi ya gari lenyewe. Wa D, wa kushoto, ulikuwa umepasuka kwa uzee: mkavu, mgumu, nyufa zimefuata pale mkanda ulipoukaza. Umri na vumbi, basi. Lakini bushi mbili za pinioni hazikuwa kavu hata kidogo. Zilikuwa zimevimba, laini, ukizibonyeza zinaacha rangi nyeusi kidoleni. Mpira wa namna hiyo umekunywa mafuta kwa muda mrefu. Tukatazama juu: bomba la mafuta ya kurudi kwenye tangi la usukani lilikuwa na klipsi iliyolegea, unyevu mwekundu umeteremka ukutani hadi kwenye pinioni. Ndiyo sababu Mwalimu alikuwa akiongeza Dexron, mafuta ya usukani, kidogo kila mara na kudhani kremayere inavuja. Ilikuwa inavujiwa. Klipsi mpya na kipande kipya cha bomba viliwekwa siku hiyo hiyo. Bila hivyo bushi mpya zingekuwa zinanunuliwa tena, ingawa poliyurethane inavumilia mafuta kuliko mpira wa asili.

Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo hakuna anayeipata kwenye chuma. Nilimwomba Mwalimu anioneshe anavyotoka getini. Njia ya mtaa wake ni nyembamba, na mbele ya geti kuna ukuta wa mawe wa jirani. Hutoka nusu, husimama, huzungusha usukani hadi mwisho gari likiwa limetulia, tairi pana zikisugua makoro, kisha hurudi nyuma na kuzungusha tena mwisho wa pili. Hakuna mahali ambapo kremayere inasukumwa kwa nguvu kuliko hapo, kasi yoyote ya barabara ya Sake haiifikii. Mara nyingi kwa siku, kwa miaka, juu ya mpira ulioloa mafuta.

Kurudisha ni upesi kuliko kutoa. Masikio tuliyasafisha kwa msasa laini, bushi za poliyurethane tukazipaka ile grisi ya silikoni iliyokuja nazo, ndani na nje. Grisi ya kawaida ya beringi isikaribie mipira ya namna yoyote. Anayeweka bushi za mpira wa asili atumie maji ya sabuni. Bolti zote tulizishika kwa vidole kwanza, kremayere ikajipanga, ndipo tukakaza, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kuna mafundi waliozoea kushusha gari kwanza ndipo wakaze kila bushi. Hiyo ni sahihi kwa bushi za mikono ya magurudumu, ambazo hujipinda kila mkono unapopanda na kushuka. Kremayere haipandi wala haishuki, kwa hiyo bolti zake zikazwe pale pale. Nati za rotile zikapata pini mpya, mhimili ukarudi kwenye alama yake ya rangi, sufle zikatazamwa zisiwe zimejinyonga.

Gari likiwa chini, tulirudia kipimo cha chaki. Mstari ulibaki mstari.

Kwa vile kremayere imekaa mahali pake, usukani wa Mwalimu ukawa umeinama kidogo kulia gari likienda moja kwa moja. Bushi mpya hazina kosa hapo: garaji fulani, zamani, ilimnyooshea paralelisme kremayere ikiwa imelala upande. Tuliipima pale pale kwa njia ya nyumbani: mstari wa chaki katikati ya kila tairi ya mbele, kisha umbali kati ya mistari hiyo upande wa mbele wa tairi na upande wa nyuma, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Mbele palikuwa pembamba kuliko nyuma kwa milimita chache, si vibaya. Nilimwambia asilipeleke kwenye mashine bado. Kiungo cha ndani cha kushoto kinachocheza kinabadilishwa kwanza, maana kubadilisha kiungo hicho kunagusa urefu, na kulipia mashine mara mbili hakuna haja.

Barabarani gari lilijibu. Mlio mzito haukuwepo tena kwenye makoro; mtetemo mikononi umeongezeka kidogo, Mwalimu ameusikia na kuukubali. Getini sasa anaachia breki, gari linatambaa ndipo anazungusha. Anasema inamchukua kurudi nyuma mara moja zaidi. Kiungo cha kushoto kimeshanunuliwa, kimo ndani ya gari, chini ya kiti cha abiria.